Kiwanja kwanza au barabara kwanza? Kartiye (mitaa) mpya za Lubumbashi na kipimo cha ujenzi

Mwezi wa kumi uliopita, siku chache kabla mvua hazijaanza, nilimsindikiza shemeji yangu kwenda kuona kiwanja alichokuwa amekilipia nusu ya bei, huko Komini ya Annexe, wilaya ya pembezoni mwa mji wetu wa Lubumbashi nchini Kongo, mahali palipokuwa mashamba ya mahindi na miti ya miombo si miaka mingi iliyopita. Mkononi alikuwa na mchoro uliopigwa muhuri, na katika mchoro huo avenyu ilikuwa na upana wa mita 10. Tulipofika tuliipima kwa hatua. Toka ukuta wa jirani wa kushoto hadi ukuta wa jirani wa kulia tulihesabu hatua sita tu, na katikati yake kilisimama kichuguu kikubwa kilichokatwa nusu na wafyatua matofali, kikiwa kimeacha shimo lililozungushiwa miiba ili watoto wasitumbukie. Shemeji alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akauliza watu wa hapo wanachota maji wapi.

Swali lake limo ndani ya mjadala unaosikika sasa kila mahali katika mji huu unaopanuka kuelekea pande zote. Wapo wanaotaka pasiuzwe kiwanja hata kimoja katika mgawanyo mpya, yaani ardhi iliyokatwa viwanja, kabla barabara hazijachongwa na kushindiliwa, mifereji haijajengwa, mabomba ya maji hayajalazwa na nguzo za umeme hazijasimama, tena kwa vipimo vilivyoandikwa na kukaguliwa. Wengine wanajibu kwamba masharti hayo, yakitekelezwa yote, yatamnyima mtu wa kipato kidogo nafasi ya kupata lupango yake, yaani kiwanja cha kujengea, na kwamba mji huu umejengwa na watu walioanza na matofali mia mbili na bati nane. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na naona kila upande umeshika jambo la kweli, ila yote mawili yametupwa katika kapu moja.

Nianze na wanaotaka masharti makali, kwa kuwa hoja zao zinaonekana kwa macho. Ardhi ya Lubumbashi ni tambarare kwa sehemu kubwa, na watu wengi hudhani kwamba tambarare haina shida ya maji, kwa sababu hakuna makorongo kama ya Bukavu. Shida ipo, ila ni ya namna nyingine: maji hayaendi popote. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu ya hekta moja inamwaga lita 500,000, na pale ambapo majani yameng'olewa na mabati yamewekwa, sehemu kubwa ya maji hayo haizami ardhini. Yanatafuta mahali pa kupita, na yasipoandaliwa njia hupita sebuleni. Tena mfereji katika nchi tambarare hauchimbwi kwa kubahatisha. Ukiupa mteremko mdogo wa nusu mita kwa kila mita 100, mfereji wa mita 400 utahitaji mwisho wake uwe mita 2 chini ya mwanzo wake, na hapo mwishoni lazima pawe na kijito au bonde la kuyapokea maji. Kama mahali hapo pamekwisha kuuzwa na kuzungushiwa ukuta, mfereji mzima umekuwa dimbwi refu. Ndiyo maana mpima ardhi mwaminifu huanza kuuchora mji kutoka chini, kwenye njia ya maji, akipanda kuelekea juu. Anayeanza na idadi ya viwanja anaiuza njia ya maji pamoja na viwanja.

Barabara ya udongo nayo ina elimu yake. Inatakiwa katikati yake iwe juu kuliko kingo, kwa sentimita kama 12 pale ambapo barabara ina upana wa mita 6, ili maji yateremke pembeni badala ya kulala juu yake. Udongo wa juu wenye mizizi unaondolewa, laterite, ule udongo mwekundu wenye changarawe, inamwagwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20, na kila tabaka linalowanishwa na kushindiliwa kabla ya lile linalofuata. Kichuguu hakisawazishwi kwa jembe na kusahauliwa, kwa maana udongo wake ni mfinyanzi mtupu: mvua ikija unavimba, kiangazi kikija unapasuka, na barabara inabonyea palepale kila mwaka. Lazima kichimbwe hadi chini na kujazwa upya. Haya si mambo ya anasa, na hayahitaji lami. Yanahitaji mtu mmoja anayejua kazi na mwingine wa kumkagua kabla fedha hazijapokelewa.

Hoja yao yenye uzito kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya kisima na choo. Mabomba ya Regideso, kampuni ya maji ya Serikali, hayajafika katika kartiye nyingi mpya, hivyo kila familia huchimba kisima chake na shimo lake la choo ndani ya lupango ileile. Kipimo kinachotumiwa sana na watu wa afya ya jamii ni mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji, na chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu kabla ya kuyafikia maji ya ardhini. Sasa chukueni kiwanja cha mita 15 kwa 20. Kutoka pembe moja hadi pembe inayotazamana nayo ni mita 25 kamili. Maana yake ni kwamba hata baba mwenye nyumba akijitahidi namna gani, akiweka choo katika pembe hii na kisima katika pembe ile, kipimo hakitatimia. Na choo cha jirani nyuma ya ukuta kinaweza kuwa karibu zaidi kuliko chake mwenyewe. Kosa limefanyika siku mchoro ulipotiwa saini, kabla hata mtu mmoja hajahamia. Kipindupindu hakihitaji zaidi ya hapo. Viwanja vidogo vya namna hiyo visigawiwe kamwe pasipo kisima cha pamoja, kirefu, kilichowekwa mbali na vyoo, au bomba la mji.

Wanaopinga masharti makali nao wasidhaniwe kuwa ni watu wasiojali. Katika mji wetu mnunuzi wa kiwanja hana benki ya kumkopesha kwa miaka ishirini. Analipa kwa fedha taslimu, kwa mafungu, kutokana na biashara ya makala (makaa ya kupikia) au unga, mshahara wa mgodini au chama cha akina mama. Gharama yoyote utakayomtwisha mwenye kugawa ardhi itaingia katika bei ya kiwanja, na itadaiwa yote siku ya kwanza. Ukiagiza lami, taa na mifereji ya zege pande zote mbili, umemwambia mwalimu wa shule ya msingi aende akatafute mbali zaidi. Naye ataenda. Ataenda kwa chifu au kwa mtoto wa chifu, atapewa karatasi yenye alama ya kidole, na huko hakutakuwa na kipimo chochote.

Hapo sheria yenyewe imeacha mwanya. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 iliitangaza ardhi kuwa mali ya Serikali, ikamwachia raia haki ya kuitumia, lakini kuhusu ardhi zinazokaliwa na jamii za wenyeji iliahidi agizo la Rais litakalopanga haki zao, na agizo hilo halikutoka kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo kandokando ya mji chifu anauza kwa desturi, kadastri, ofisi ya kupima na kuandikisha ardhi, inaandika baadaye, na ofisi ya urbanisimu, yaani ya mipango ya mji, mara nyingi inafika wakati kuta zimekwisha kusimama. Kadiri mahitaji ya mgawanyo halali yanavyoongezwa, ndivyo njia hii ya pembeni inavyovutia. Na ipo hoja nyingine ambayo watu huisema kwa sauti ya chini: kila kipimo kipya kinazaa saini mpya, na kila saini ina mtu anayeishikia kalamu. Masharti arobaini yasiyokaguliwa na mtu yanageuka milango arobaini ya kulipia.

Mimi naona mgongano huu unapungua sana tukiuliza, kwa kila kitu kimoja, kama kinaweza kuongezwa baadaye bila kubomoa nyumba ya mtu. Lami inaweza kungoja. Taa zinaweza kungoja. Hata nyaya za umeme zinaweza kungoja, hasa katika mji ambako umeme wenyewe hukatwa, na kumlazimisha mnunuzi alipie transfoma isiyo na moto wa kutosha ni kuifukia fedha yake ardhini. Lakini upana wa avenyu haungoji. Njia ya maji haingoji, wala nafasi ya shule, ya soko na ya kituo cha afya, wala umbali kati ya kisima na choo. Vitu hivi vikikosewa siku ya kwanza, kuvirekebisha ni kwa tingatinga na machozi.

Na gharama yake ni ndogo kuliko inavyosemwa. Tuchukue safu mbili za viwanja vya mita 15 kwa 20 vinavyopeana mgongo, mita 40 kwa jumla, kisha avenyu mbele yake. Avenyu ya mita 6 inakula karibu asilimia 13 ya ardhi. Avenyu ya mita 12 inakula asilimia 23. Tofauti ni kama viwanja vitatu kwa kila hekta. Mwenye kugawa akitaka kupata fedha ileile, atapandisha bei ya kila kiwanja kwa karibu sehemu ya nane. Sikatai kwamba sehemu ya nane ni mzigo kwa mtu anayelipa kwa mafungu. Ila inanunua njia ya bomba, ya mfereji, ya gari la wagonjwa na ya gari la zimamoto kwa miaka mia moja.

Mji wetu wenyewe ni shahidi. Ulipoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, uligawanywa kwa ubaguzi, Wazungu huku na Waafrika kule, na hilo lisisahauliwe wala kupambwa. Hata hivyo Kamalondo, Kenya na Katuba, kartiye za wafanyakazi, zilipimwa kwa kamba, na hadi leo mtu anaweza kupitisha bomba au kufukua mfereji pale bila kuomba ruhusa ya kupita jikoni mwa mtu. Nyumba za huko zilikuwa za kawaida kabisa. Mstari ndio ulionyooka.

Nje ya nchi yetu, Tanzania ilijaribu jambo hili katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Benki ya Dunia, katika miji saba. Sehemu nyingine, kama Sinza na Kijitonyama kule Dar es Salaam, zilipimwa viwanja vitupu vyenye barabara na maji, na watu wakaachiwa kujijengea wenyewe. Sehemu nyingine zilikuwa mitaa iliyokwisha kujaa, ikaletewa huduma baadaye. Watafiti waliorudi kuangalia baada ya miongo kadhaa walikuta kwamba zile zilizopangwa kabla zilikuwa na nyumba bora na mpangilio bora kuliko zile zilizorekebishwa. Mtu anaweza kujibu kwamba viwanja vya Sinza havikubaki vyote mikononi mwa maskini waliokusudiwa, na jibu hilo ni la haki. Mahali pazuri huvuta wenye fedha. Lakini dawa ya hilo ni kupima viwanja vingi zaidi.

Linabaki suala la nani amshike mwenye kugawa asitoroke. Katika kaunti nyingi za Marekani, ramani ya mgawanyo haiidhinishwi mpaka barabara na mifereji imejengwa, au mgawaji ameweka dhamana ya fedha inayolingana na kazi iliyobaki. Na hata akimaliza, hubeba matengenezo kwa mwaka mmoja au miwili kabla ya barabara kupokewa na umma. Hatuna benki na bima za kuiga hayo neno kwa neno. Tunachoweza kufanya ni kuweka rehani ya ardhi yenyewe: katika kila viwanja kumi, viwili visiuzwe, vibaki mikononi mwa komini hadi mvua za msimu mmoja zipite juu ya barabara na mifereji ikaonekana inafanya kazi. Mgawaji aliyefanya vizuri atavirudishiwa, na kwa wakati huo vitakuwa vimepanda bei. Aliyetoroka ameviacha, navyo viuzwe kulipia kazi yake. Njia hii hata chifu anaweza kuingizwa ndani yake, kwa kuwa haimdai fedha ambayo hana.

Kwa avenyu zilizokwisha kuharibika kama ile ya shemeji yangu, hakuna kipimo cha kwenye karatasi kitakachotosha. Tulirudi huko mwezi wa kwanza, mvua ikiwa imeshika. Maji yalikuwa yameandika njia yao wenyewe: mstari wa matope toka kwenye shimo la kichuguu hadi mlango wa jirani wa kulia, ukipinda nyuma ya choo chake. Shemeji alimwita mzee wa avenyu, wakatembea pamoja wakipigilia vijiti mahali maji yalipopita, na alipoanza kujenga wiki mbili baadaye aliuweka ukuta wake mita 2 ndani ya lupango aliyoilipia. Jirani wa kulia amekubali kusogeza wake mwezi wa tano, kiangazi kikianza. Yule wa kushoto bado anafikiri.