Beseni la mama mjamzito

Hapa Arua, Uganda, mimba ikikaribia kutimia, mama huanza kukusanya kwenye beseni vitu vya kwenda navyo kujifungua kituoni: glavu, wembe, pamba, uzi wa kufungia kitovu, kavera (karatasi ya plastiki) ya kutandika kitandani. Ada katika vituo vya afya vya serikali zilifutwa mwaka 2001. Beseni limebaki. Kila nikisikia wakubwa wakijadili vipaumbele vya afya, nalikumbuka hilo beseni.

Kila kundi huvutia kwake, na kila kundi lina hoja. Madaktari wa hospitali kubwa wanataka mashine: mwaka 2016 mashine pekee ya tiba ya mionzi nchini, pale hospitali ya Mulago, Kampala, iliharibika, na wagonjwa wa saratani wakaona cha moto hadi mpya ilipozinduliwa 2018. Wafadhili huleta fedha zilizokwisha kupewa jina: UKIMWI, malaria, kifua kikuu. Mwanasiasa hupenda jengo, kwani jengo huonekana barabarani. Glavu haina jiwe la msingi.

Kinachoniuma ni zamu ya kusema. Kwenye mkutano wa bajeti wa wilaya tunakaribishwa, tunaeleza shida zetu, lakini sehemu kubwa ya fedha hutoka serikali kuu ikiwa imeshafungwa masharti. Ni kuulizwa utakula nini wakati chakula kimeshapakuliwa.

Jennifer Anguko alikuwa diwani wa wilaya hii hii. Alifariki hospitalini Desemba 2010 katika uchungu wa uzazi. Kifo chake, na cha Sylvia Nalubowa wa Mityana, mama mwingine aliyefariki katika uzazi, vilifikishwa Mahakama ya Katiba mwaka 2011. Mwaka 2012 majaji walisema hilo ni suala la kisiasa, wakaitupa kesi. Mahakama ya Juu ikairudisha kwao 2015, na Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba kushindwa kuwapa wajawazito huduma za msingi ni kuvunja katiba. Serikali ikaagizwa kutenga fedha za kutosha. Fikiria: mtu mwenye kiti kwenye baraza la wilaya, na bado zamu yake haikufika.

Kamati za usimamizi wa vituo vya afya tunazo tayari. Wakunga na akina mama waandike humo wanachokosa, na karatasi hiyo isomwe mkutanoni kabla ya jedwali lolote la maofisa.

Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao. Jana nimempelekea nyembe mbili na kavera ya mita mbili.