Maktaba ya Birmingham: Jengo Jipya, Saa Chache

Jiji la Birmingham, Uingereza, limejenga maktaba kuu mara nne. Ya kwanza iliteketea Januari 1879, pamoja na sehemu kubwa ya mkusanyiko wake wa maandiko ya Shakespeare. Ya pili, ya 1882, ilielemewa na wingi wa vitabu. Ya tatu, jengo la zege lililosanifiwa na John Madin, ilifunguliwa 1974 na kufikia 2016 ilikuwa imebomolewa. Ya nne ilifunguliwa Septemba 2013 kwa pauni milioni 189 hivi.

Waliotaka kuhama walikuwa na hoja nzito. Jengo la Madin lilikuwa limechakaa, na nyaraka za kale zinahitaji chumba chenye joto na unyevu unaodhibitiwa. Karatasi ikishaoza haina dawa. Watu nao walimiminika: mwaka 2014 maktaba mpya ilipokea wageni zaidi ya milioni 2. Chumba cha Shakespeare cha maktaba ya 1882 kilipandishwa hadi kileleni mwa jengo jipya, uamuzi ninaoupenda sana.

Upande wa pili, English Heritage, shirika la kulinda urithi, lilitaka jengo la Madin lihifadhiwe kisheria, serikali ikakataa. Wengi walilichukia kwa sura yake tu. Hata Mfalme Charles wa Uingereza, alipokuwa bado mwanamfalme, alisema linafanana na mahali pa kuchomea vitabu. Hoja hiyo hainiridhishi. Miaka ya 1970 jengo la 1882 nalo lilivunjwa, na baadaye wakazi wengi wakalililia.

Ila kwangu suala kubwa si sura. Mwaka 2015, hata miaka miwili haijatimia tangu ufunguzi, saa za huduma zilishuka kutoka 73 hadi 40 kwa wiki, na takriban nusu ya wafanyakazi wakatakiwa kupunguzwa. Watetezi wa mradi wanasema lawama ni ya serikali kuu iliyokata ruzuku za halmashauri, na kwamba saa zingekatwa hata katika jengo la zamani. Kuna ukweli hapo. Lakini jengo lilijengwa kwa mkopo, na mkopo hulipwa mlango uwe wazi au umefungwa. Bajeti ikibanwa, deni haliguswi. Anayeguswa ni mkutubi. Na mkutubi ndiye anayemwonyesha mtafuta kazi jinsi ya kujaza fomu, ndiye anayejua barua za karne iliyopita ziko kwenye sanduku lipi.

Ningekuwa diwani, nisingeupigia kura mradi kama huu kabla ya kuona mishahara ya wafanyakazi ya miaka 10 ikiwa imewekwa kando ya michoro. Hifadhi ya nyaraka ningeiacha ilivyo. Bustani za ghorofani na sehemu ya kumbi za wazi ningezitoa, mradi zile saa 33 zilizokatwa zibaki.