Membreni ikiziba, usianze na asidi

Kwenye kuchuja majitaka ya kiwanda cha maziwa kwa membreni (utando wenye vitundu vidogo sana), presha ikipanda tu mafundi wengi hukimbilia asidi. Ni kosa. Asidi huyeyusha chokaa, lakini kinachoziba hapa kwanza ni mafuta na protini. Kasini, protini kuu ya maziwa, huganda pH (kipimo cha asidi na alkali) ikifika karibu 4.6. Ukiingiza asidi ya sitriki kabla ya kuiondoa, unaigandisha kama mtindi ndani ya vitundu vyenye upana wa mikroni 0.03 hivi, na hapo kuitoa ni kazi kweli.

Anza na kostiki soda, alkali kali inayoyeyusha mafuta na protini. Suuza kwanza kwa maji ya uvuguvugu, kisha zungusha kostiki ya pH 11 hadi 12 (usivuke kikomo cha mtengenezaji) kwenye joto la 35–40°C kwa dakika 30 hadi 60. Ichanganye na maji yaliyolainishwa, maana maji magumu yakikutana na kostiki hutoa chokaa papo hapo. Dawa ikigeuka rangi ya chai ya maziwa na pH ikashuka, imekwisha nguvu: imwage, changanya nyingine. Suuza hadi pH irudi karibu 7, ndipo asidi ya sitriki ya asilimia 1 hadi 2 ifuate kuondoa fosfeti ya kalsiamu. Kama ulitumia klorini, suuza kwa makini zaidi: klorini ikikutana na asidi hutoa gesi yenye sumu.

Hata hivyo, kwa maoni yangu tunazungumzia mno dawa na kidogo mno kasi. Membreni nyingi zinaziba kwa sababu zinalazimishwa kupitisha maji kuliko zinavyoweza. Pima: anza na lita 15 kwa kila mita mraba kwa saa, ongeza 5 kila baada ya dakika 20, huku macho yako kwenye geji. Kwenye kasi inayofaa, presha hupanda kidogo na kutulia. Ukifika mahali mtiririko ni uleule lakini mshale unazidi kupanda dakika baada ya dakika, umevuka mpaka. Rudi chini ya hapo kwa robo na uendeshe hivyo, hata kama itabidi kununua membreni zaidi.

Mtego wa mafuta ukijaa, hakuna kasi itakayokuokoa. Ukague kila siku. Dawa ya kuua povu yenye silikoni isifike kabisa kwenye membreni, kwani hung'ang'ania na kostiki haiitoi.

Na unapoandika presha, andika na joto la maji. Maji ya 20°C yana mnato kuliko ya 30°C kwa kama robo, yaani hupita kwa shida zaidi, kwa hiyo asubuhi ya baridi geji itasoma juu hata kwa membreni safi, na kuiosha siku hiyo ni kuichakaza bure.