Anko, PS5 yangu iko wapi?

"Unachomeka, unacheza." Ndivyo alivyoniambia kijana wa dukani hapa Hamburg, Novemba iliyopita, huku amekumbatia boksi la PS5 (PlayStation 5, konsoli ya kuchezea gemu kwenye TV) kama kabeba mtoto mchanga. Nilimweleza natafuta zawadi ya mpwa wangu, na kwamba nasita kati ya konsoli na kompyuta ya bei nafuu ya kuchezea gemu. Akaona nasita kwa kutojua. Chomeka ukutani, chomeka kwenye TV, ingiza akaunti yako, cheza. Dakika kumi umemaliza.

Nilitoka pale nacheka peke yangu mpaka kituo cha treni. Na siyo kwamba alidanganya. PS5 hata mimi ninayo sebuleni. Nikitoka zamu ya usiku naosha mikono, nabonyeza kitufe, mpira unaendelea palepale nilipouacha juzi. Huu ni mwaka wangu wa saba hapa, na umeme nimeuona ukikatika mara moja tu, dakika kama ishirini hivi. Majirani walitoka kwenye ngazi kuulizana kama vita vimeanza. Mimi niliwasha tochi ya simu nikaendelea kula ugali wangu.

Mpwa wangu yuko Morogoro.

Basi, nadhani nimeeleweka. Ila najua kuna mtu keshaanza kuandika: "Haya, watu wa Ulaya hao! Kwani Moro hakuna umeme? Bwawa la Nyerere hujalisikia? Megawati 2,115!" Nimelisikia, ndugu yangu, na siku mtambo wa kwanza ulipowashwa mwaka 2024 nilishangilia pengine kuliko wewe. Lakini dada yangu hakai bwawani. Anakaa mtaa ambao transfoma ikipiga shoti Ijumaa jioni, mnaonana na mwanga Jumapili. Na kabla hujaniambia kuna watu wana PS5, wana sola na inveta, wana TV pana kuliko ukuta wangu: nawajua, wengine nimesoma nao. Sijasema mtu hawezi. Nasema lile neno "chomeka" limebeba mzigo ambao yule kijana hajawahi kuubeba.

Chukua hilo la akaunti. Yeye kalitamka kama mtu anayesema "vaa viatu". Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za kufungulia akaunti ya PlayStation. Ukitaka kucheza unajiandikisha kama mtu wa Afrika Kusini, au wa Marekani, au wa Dubai, kisha unatafuta kadi za zawadi za nchi hiyo hiyo uliyodanganya, na mwenye duka anakupigia bei anayoitaka. Mei 2024 gemu ya Helldivers 2 iliondolewa Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi 177 kwa sababu wachezaji walitakiwa kuwa na akaunti ya PlayStation, na huko akaunti hiyo haifunguliwi. Nchi 177! Yaani sisi tulio nje ya hiyo orodha ndio wengi, halafu unaambiwa dakika kumi.

Sasa njoo kwenye bando. Gemu moja ya kisasa inaweza kuvuka GB 100. Hesabu piga mwenyewe kwa bando unalonunua wewe, mimi sitaki lawama. Utasema kompyuta nayo inataka kupakua. Kweli, lakini gemu za Steam unazinakili kwenye diski ya nje, unampa mtu akubebee kwenye begi, zikifika unazimwaga kwenye mashine na Steam inazitambua, inabaki kukagua tu. Nililala usiku mmoja hapa Hamburg, nikaamka GB 300 zimeshuka, na bili ya intaneti ilikuwa ileile ya kila mwezi. Hiyo ndiyo zawadi yenyewe, kuliko hata mashine. Na kucheza na wenzako mtandaoni kwenye kompyuta, Steam haikudai ada ya mwezi. PlayStation kwa gemu nyingi za kulipia inakudai.

Mashine nilipataje? Hapa wazungu wametusaidia bila kujua. Windows 10 iliachwa na Microsoft wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa nyingi za Intel zilizo chini ya kizazi cha 8. Ofisi zikaanza kumwaga mashine nzima nzima, nyingine hata stika ya namba ya dawati haijabanduliwa. Nikaokota Dell OptiPlex 7050, ile nyembamba, yenye prosesa ya i5-7500, kizazi cha 7, kwa euro 70.

Hapo nikajiona fundi. Nikanunua kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu, nikaweka vyote kwenye meza ya jikoni, bisibisi mdomoni, nikaanza kuisukuma ndani kama anayeingiza godoro la sita kwa sita kwenye bajaji. Haiingii. Kumbe nimenunua kadi ya kimo kamili na kava lile linataka fupi. Nikairudisha kwa aibu, nikapata GTX 1650 fupi yenye GB 4. Hiyo inakula wati 75 tu, inazipata kwenye ubao mama wenyewe bila waya wa ziada, na ni bahati, maana pawasaplai ya ile Dell ni ya wati 180. Jumla na RAM, SSD (diski ya kasi) na pedi mbili za kuchezea za waya, euro 240. PS5 yenye sehemu ya CD ilikuwa 549, na hapo una pedi moja.

"Sema tu ni ubahili." Haya, na ubahili upo, sikatai. Euro 549 nazipata kwa kunyanyua maboksi ghalani, zile picha za kwenye theluji hazilipi. Na niseme ukweli wote: kwa uzuri wa picha, kamashine kangu hakaigusi PS5. Gemu nzito za mwaka huu katakwama. Anayetaka picha tu na nyumbani kwake kila kitu kimetulia, anunue konsoli, tusigombane.

Ila kitu kikiharibika? Pedi yangu hapa ilianza kutembea yenyewe, mchezaji anakwenda kushoto bila mimi kugusa. Nikaipeleka kwenye duka la matengenezo, wakaitazama kwa huruma, wakaniambia ninunue mpya. Nikamkumbuka fundi wa pale Msamvu, enzi za vibanda vya PS2. Mashine imegoma kusoma CD, foleni ya watoto nje wamekunja mia mia mkononi. Yeye anafungua, anafuta lenzi kwa pamba na spiriti, anazungusha kaskrubu kidogo sana, kama anayechezea bomu, anafunga, inasoma. Huyo mtu Ujerumani hayupo. Nimemtafuta.

Halafu fundi huyo huyo, au tuseme ndugu yake wa ukoo, ndiye aliyepokea kompyuta ya dada yangu ikiwa na RAM ya GB 8 akairudisha na GB 4, akaapa kwa mama yake mzazi kwamba ilikuja hivyo. Kwa hiyo safari hii nimepiga picha kila kipande, na namba zake, kabla sijafunga kava. Mnaniita mshamba wa Ulaya? Niiteni.

Desemba nikaibeba kwenye begi, imeviringishwa kwenye sweta mbili. Mpwa akafungua, akatazama lile boksi jeusi la ofisini, akaniambia "ahsante anko" kwa sauti ya mtu aliyepewa daftari. Dada akafurahi upande wake, maana aliona ni kitu cha kuchapia CV. Siku mbili kijana akanikwepa macho.

Kilichombadilisha kilikuwa Euro Truck Simulator 2, gemu ya kuendesha malori Ulaya ya mwaka 2012 ambayo hata haisumbui mashine. Vijana wa kule kwetu Tanzania wanazichora upya gari zake, wanaweka mabasi yetu, na rangi zetu, na maandishi ya nyuma. Hakuna kampuni iliyowatuma. Kwenye konsoli hilo usingelifanya.

Wiki iliyopita nimepokea ujumbe wa sauti. "Shikamoo anko! Tunaingia kwenu Hamburg sasa hivi!" Nyuma yake sebule nzima ya dada imejaa watoto wa jirani, basi la Dar–Moro linateremka barabara kuu ya Ujerumani, mmoja kajifanya konda anapiga ukuta, "Hamburg wa kushuka! Kuna wa Hamburg?" Wengine wanajibu kwa pamoja, "Shushaaa!" Kisha zogo likapasuka ghafla, na juu yake nikaisikia ile UPS, betri ya akiba umeme ukikatika, niliyomnunulia Kariakoo ikianza kulia, ti, ti, ti, na mpwa wangu akipiga kelele, "Seivu! Nipisheni niseivu kwanza!"