Aliyelipa na aliyerusha: picha ya droni ni ya nani?

Mikataba ya kazi za droni siku hizi inakuja na sentensi moja inayofanana popote unapoikuta: "Picha na video zote, pamoja na faili mbichi, ni mali ya mteja milele na duniani kote, na zitahesabika kuwa kazi ya kuajiriwa." Mpiga picha wa Mbeya anatumiwa kwa WhatsApp usiku. Shutingi ni kesho alfajiri kule Rungwe, kabla ukungu haujafunika mashamba ya chai, na advansi imeshaingia kwenye simu. Anatia saini kwa kidole, analala. Baadaye anaiona picha yake kwenye bango la kampuni nyingine kabisa, ambayo hajawahi kuifanyia kazi, na hajui pa kuanzia.

Mteja naye ana yake ya kusimulia. Mwenye loji nje ya Iringa, njia ya kwenda Ruaha, analipia picha, anampa mpiga picha chumba na chakula, halafu anakuta video ya loji yake imo ndani ya tangazo la wakala anayepeleka wageni kwa jirani yake. Akiuliza, anajibiwa kwamba hakimiliki ni ya aliyepiga.

Niseme mapema ninakosimama. Kwa kazi nyingi za huku kwetu, aliyerusha abaki na hakimiliki na aliyelipa apewe matumizi mapana yasiyomsumbua. Lakini zipo kazi za aina mbili ambazo wapiga picha wenzetu wanazing'ang'ania bila hoja ya maana, nami nitazifikia.

Kwanza hiyo "kazi ya kuajiriwa". Imenakiliwa kutoka Marekani, na walioinakili hawakuja na masharti yake. Kwa Wamarekani, mwajiri ndiye anayehesabiwa kuwa mtunzi wa kazi ya mwajiriwa wake tangu mwanzo. Kwa mtu wa kujitegemea mambo ni magumu zaidi: sheria yao ya 1976 inataka maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili, na kazi yenyewe iwe ndani ya makundi tisa yaliyotajwa. Sehemu ya filamu au video imo kwenye makundi hayo. Atlasi imo. Picha mnato inayosimama peke yake haimo. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kesi ya mchongaji James Earl Reid, aliyetengeneza sanamu kwa maagizo ya shirika la kutetea watu wasio na makazi mjini Washington. Shirika lilikuwa limetoa wazo, limelipia gharama, limepita hadi karakana kumwelekeza. Mahakama ikasema Reid hakuwa mwajiriwa: vifaa vilikuwa vyake, karakana yake, muda wake, wasaidizi aliwatafuta mwenyewe.

Nenda Kenya, mambo yanageuka. Sheria yao ya hakimiliki ya 2001 inasema kazi iliyoagizwa huhesabika kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Afrika Kusini, sheria ya 1978 inampa haki ya picha yule aliyeiagiza na kuilipia. Uingereza nao walikuwa hivyo kwa picha hadi Agosti 1989, ndipo wakamgeukia mpiga picha. Kwa hiyo fomu ya Nairobi, ya Johannesburg na ya California, hata zikitumia maneno yaleyale, kila moja imeandikwa juu ya msingi tofauti. Ukiichukua mojawapo ukabadilisha majina na kuweka "Mbeya, Tanzania" pale juu, umepata karatasi tu. Nani ana nini bado hujui.

Kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, inaanzia kwa mtunzi. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na chini ya mkataba huo haki inazaliwa pamoja na kazi, bila kusubiri muhuri wa ofisi yoyote. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kunasaidia siku ya ushahidi. Kazi ya mtu aliyeajiriwa ina hesabu yake, na makubaliano ya pande mbili yanaweza kubadilisha mengi. Ndiyo maana nasema vita yote iko kwenye kile kipande cha karatasi, na ndiyo maana kukinakili ni uzembe wa pande zote mbili.

Sasa hoja ya mpiga picha. Hoja yake bora si ile ya "ni sanaa yangu", ingawa ndiyo anayoanza nayo kila mara. Bora aitazame mizigo. Droni ni yake, na zile zinazotoa picha ya kutosha bango si bei ya simu. Usajili wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ameufuata yeye, kibali cha Wizara ya Ulinzi amekihangaikia yeye, na kama kazi ni Kitulo au Ruaha lazima azungumze na TANAPA, wenye hifadhi za taifa, pia. Akirusha kwenye uwanda wa Kitulo, kwenye mita kama 2,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, propela zinazunguka kwa nguvu zaidi kuibeba droni ileile, na baridi ya asubuhi inakula betri kabla ya dakika zilizoandikwa kwenye boksi. Upepo ukiibeba ikatua juu ya bati la mtu Mwanjelwa, mwenye bati hatamtafuta mteja. Atamtafuta aliyeshika rimoti.

Mwajiri anapochukua haki za kazi ya mfanyakazi wake kuna mantiki: anamlipa mshahara hata siku ya mvua, anampa vifaa, anamchangia mfuko wa hifadhi ya jamii, na kifaa kikiharibika hasara ni ya ofisi. Mteja anayeandika "kazi ya kuajiriwa" kwa mtu wa kutwa moja anataka kipengele kimoja tu cha ajira, kile kinachomfaa. Droni ikianguka ziwani Ngozi, ghafla wewe ni mkandarasi wa kujitegemea. Hapo ndipo mimi ninapochoka.

Lakini mteja naye asichukuliwe kama tapeli. Wateja wengi wanaoweka sentensi ile wanaogopa mambo ya kawaida kabisa. Wanaogopa mpiga picha atabadilisha namba ya simu na hawatampata watakapohitaji kuchapisha kalenda ya mwaka wa tatu. Wanaogopa kuombwa hela upya kila picha inapohama kutoka Instagram kwenda kwenye bango. Kampuni ya parachichi ya Njombe inayouza Ulaya inaweza kuulizwa na mnunuzi kama ina haki ya picha zilizo kwenye katoni, na jibu la "tulimlipa kijana mmoja" halitoshi. Asasi zinazoendeshwa kwa fedha za wafadhili zina masharti yaliyoandikwa mbali, na ofisa mradi wa Iringa hawezi kuyabadilisha hata angetaka. Halafu kuna jambo ambalo wapiga picha hatulipendi: shamba ni la mteja, wafanyakazi ni wa mteja, ile mistari ya chai iliyonyooka kama imechanwa kwa kitana imetunzwa kwa gharama yake. Bila hayo droni ingepiga nini?

Ila tazama hofu hizo moja moja. Hakuna hata moja inayohitaji mteja kumiliki hakimiliki. Zote zinatibika kwa leseni ya matumizi iliyoandikwa vizuri: atumie picha kwa biashara yake bila kikomo cha muda, kwenye njia yoyote, bila malipo ya ziada, na mpiga picha asiwauzie washindani wake. Mtu wa Mbarali anaelewa tofauti ya kukodisha majaruba kwa msimu na kuyauza. Hakuna anayetoa bei ya msimu mmoja akadai hati. Kwenye picha jambo hilo linafanyika kila wiki, kwa sababu faili halionekani kupungua linapotoka mkononi.

Hapa pia kuna mkanganyiko wa faili mbichi, yaani zile ambazo hazijahaririwa. Kupewa flashi yenye kila kitu si kupewa haki, na kunyimwa faili mbichi si kunyimwa haki. Mteja anaweza kuwa na leseni pana akapewa video iliyohaririwa tu. Anaweza pia kukabidhiwa hadi diski nzima kwa ajili ya kumbukumbu bila ruhusa ya kuuza hata fremu moja. Kipengele kinachosema "atakabidhiwa faili zote" kikaishia hapo kinaacha ugomvi ukiwa mzima.

Narudi kwenye zile kazi mbili.

Ya kwanza ni upimaji na ramani. Droni inapowekewa programu ikapita juu ya skimu ya mpunga Usangu mstari kwa mstari, kamera inajipiga yenyewe kila baada ya mita kadhaa, na mamia ya picha yanaunganishwa kuwa ramani moja. Ustadi upo, tena mkubwa, lakini ni wa upimaji. Jicho la msanii hapo halikufanya kazi kubwa, na wanasheria wanaweza kubishana hadi jioni kama kila picha ya namna hiyo ina ubunifu wa kutosha kulindwa. La muhimu zaidi ni kilichomo: mipaka, maji yanakofika na yasikofika, sehemu ambayo mpunga umekufa. Hizo ni siri za shamba la mtu. Mpiga picha anayedai kubaki na haki za ramani ili "atumie baadaye" anapaswa kuulizwa atumie kwa nini. Kazi za namna hii mteja achukue zote, na bei ipangwe kwa ekari na kwa utaalamu.

Ya pili ni sherehe za watu. Harusi, sendofu, kipaimara, hata misiba, maana droni siku hizi inapanda hadi makaburini. Hapa suala la nani ana hakimiliki ni dogo kuliko suala la nani anaruhusiwa kuonyesha. Waingereza wana kanuni ninayoipenda: mpiga picha anabaki na hakimiliki, lakini mtu aliyeagiza picha kwa matumizi yake binafsi ya kifamilia ana haki ya kuzuia zisisambazwe hadharani. Kwetu tunaweza kupata matokeo hayohayo kwa sentensi mbili za mkataba, na tunazo sababu zaidi tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023. Bibi harusi hakukodi droni ili sura yake iwe tangazo la ofisi yako Kabwe. Ukitaka kuiweka, muombe, na ombi liwe pembeni ya malipo, lisiwe sharti lililofichwa chini ya karatasi.

Kwa yaliyobaki, yaani hoteli, chai, mbao za Mufindi, viwanja, kampeni za utalii wa kusini, nabaki na leseni. Mteja akitaka haki zote kweli, sina ugomvi naye. Azinunue. Kama kurusha kwa siku ni laki tatu kwa matumizi ya biashara yake, kuhamishiwa haki zote hakuwezi kuwa laki tatu ileile, kwa sababu mpiga picha anaacha kila shilingi ambayo picha hiyo ingemletea baadaye, na anaacha hata ruhusa ya kuionyesha kwa mteja ajaye kama sampuli. Ukiweka bei mbili mezani, ya leseni na ya kununua moja kwa moja, nadhani wateja wengi watagundua kwamba hawakuwa wanahitaji ile ya pili. Wachache watailipa, nao wana sababu zao. Jina la mpiga picha likae chini ya picha katika hali zote mbili. Hilo halimgharimu mtu kitu, na haki ya mtunzi kutajwa imo kwenye Mkataba wa Berne tangu 1928.

Wapo watakaosema kijana anayeanza hana ubavu wa kujadili bei mbili, akibisha kazi inakwenda kwa mwingine. Ni kweli, na sina dawa ya ushindani. Ila hata akishindwa kujadili hakimiliki, bado anaweza kuomba kitu kidogo zaidi: ruhusa ya kutumia picha kama sampuli, na jina lake. Mteja aliyekataa kila kitu mara nyingi hilo hulikubali, kwa kuwa halimgusi mfukoni.

Kuna jambo moja linawahusu zaidi wanaolipa kuliko wanaorusha. Kazi nyingi kubwa za Nyanda za Juu Kusini haziji moja kwa moja. Mteja anaipa kazi kampuni ya video ya Dar es Salaam, kampuni inampigia mtu wa Mbeya siku mbili kabla, wanakubaliana kwa simu, analipwa, anatuma faili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikatai makubaliano ya mdomo, kwa hiyo mkataba upo, lakini kuhusu haki haukusema kitu. Wakati huohuo kampuni imeshasaini na mteja wake kwamba inamkabidhi haki zote za kila fremu, zikiwemo zile dakika za juu ya Bonde la Usangu ambazo mtu wa Mbeya hakuwahi kuulizwa habari zake. Mteja anadhani amenunua, na risiti anayo. Kabla hajazituma picha hizo kwa mnunuzi wa nje anayetaka uthibitisho wa maandishi, aiombe kampuni karatasi moja tu: ile aliyosaini aliyeshika rimoti.