Joto la Kampala ni mtaji, tulitumie kusafisha maji taka

Wiki iliyopita nilisimama karibu na gari la kunyonya vyoo likimwaga mzigo wake kwenye mtambo wa kusafisha tope la vyoo wa Lubigi. Kabla hata sijakereka na harufu ya kinyesi, macho yalianza kuwasha na kutoa machozi. Dereva akanivuta mkono: "Sogea huku ndugu yangu, usikae upepo unakoelekea." Ile ni amonia, gesi kali itokayo kwenye mkojo uliooza, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Tukitaja maji taka, wengi huwaza kipindupindu, na wana haki. Lakini mkojo una urea, na urea ikioza huwa amoniamu, naitrojeni iliyoyeyuka majini. Tope likituama, maji ya juu yanaweza kuonekana safi kumbe yamejaa amoniamu, ambayo ziwani ni mbolea ya mwani. Nenda mwalo wa Ggaba, Ziwa Victoria, siku isiyo na upepo uone ukoko wa kijani ulivyoganda ufukweni, mzito kama rangi ya mafuta. Jua likiwaka, mwani huo hufyonza kaboni dioksaidi, pH ya maji (kipimo cha uchachu) hupanda, yaani uchachu hupungua, na sehemu ya amoniamu hugeuka amonia inayoua samaki. Ghuba hiyohiyo ya Murchison ndiyo inayopokea mfereji wa Nakivubo unaobeba maji taka ya jiji, na ndiyo tunayochota maji ya kunywa.

Zamani mafunjo yalitusafishia maji hayo bure. Sasa kinamasi cha Nakivubo kimelimwa magimbi na kujengwa.

Njia iliyozoeleka ya kuondoa amoniamu ni kuwapa bakteria hewa ili waiunganishe naitrojeni yake na oksijeni, iwe nitraiti kisha nitreti, halafu wengine, pasipo hewa, waigeuze nitreti kuwa gesi ya naitrojeni irudi angani. Gharama iko kwenye hewa: kila gramu 1 ya naitrojeni hudai takriban gramu 4.6 za oksijeni, na mashine za kupuliza hula umeme usiku na mchana. Zaidi ya hapo, hao wa pili wanahitaji kaboni ya kula. Maji yanayobaki baada ya tope kuozeshwa kwa ajili ya biogesi yana amoniamu tele lakini kaboni yake imeshaondoka na gesi, kwa hiyo mtambo hulazimika kununua methanoli. Sisi tununue methanoli ya kulisha bakteria? Sikubali.

Kuna bakteria wa anamoksi, waliogunduliwa Delft, Uholanzi, miaka ya 1990. Wao huchanganya amoniamu na nitraiti moja kwa moja wakatoa gesi ya naitrojeni. Hawadai kaboni ya kununua, na hewa inayohitajika hupungua kwa zaidi ya nusu. Wanapenda joto la nyuzi 30 na kitu. Wazungu huhangaika nao wakati wa baridi. Kampala haina baridi ya namna hiyo mwaka mzima, na bado tunaagiza mitambo kana kwamba tunaishi kwenye theluji.

Shida ya bakteria hawa ni kukua polepole, kama siku 11 hivi ili idadi iongezeke maradufu. Mtambo mkubwa wa kwanza, ule wa Rotterdam uliowashwa 2002, ulichukua zaidi ya miaka 3 kufikia nguvu yake. Ndiyo maana sitaki tusubiri mkopo mkubwa. Tangi la lita 1,000 linatosha kuanzia, liwekwe palepale magari yanapomwaga, na vijana wa kemia wa Makerere wapewe funguo, tuanze kuwafuga bakteria hao sasa.