Kevin Guskiewicz: mpimaji wa vichwa kwenye kiti cha mkuu wa chuo

Machi 2024 Kevin Guskiewicz alianza kazi kama rais wa Michigan State University, chuo ambacho bado kinabeba jeraha la Larry Nassar, daktari wa michezo aliyewadhulumu kingono mamia ya wasichana na wanawake. Mwaka 2018 chuo kilikubali kulipa fidia ya dola milioni 500. Guskiewicz naye alitokea kwenye tiba ya michezo, ila kwa mlango mwingine: miaka zaidi ya ishirini ya utafiti wa mtikisiko wa ubongo unaotokana na kugongwa kichwa, katika chuo cha North Carolina, Chapel Hill.

Wanaomuunga mkono husema mtafiti wa aina hii amezoea kuamua kwa vipimo hata anapopigiwa kelele. Wanaomtilia shaka husema chuo si maabara. Hoja ya kwanza ina uzito kuliko wengi wanavyodhani, na inaonekana vizuri ukitazama kazi yenyewe.

Mtikisiko wa ubongo kwa kawaida hauonekani kwenye picha ya CT, na mchezaji anayetaka kurudi uwanjani atakuapia kwamba yuko sawa. Ndiyo maana Guskiewicz na wenzake walibuni kipimo cha usawa wa mwili kinachofanyika pembeni mwa uwanja. Mchezaji anafumba macho, mikono kiunoni, anasimama sekunde 20 kwa miguu miwili, kisha kwa mguu mmoja, kisha mguu mmoja nyuma ya mwingine, vidole vikigusa kisigino. Mikao hiyo mitatu hufanyika kwenye sakafu ngumu, halafu hurudiwa juu ya sponji nene. Akifumbua macho, akiondoa mkono kiunoni, akipiga hatua au akiinua kisigino, hilo ni kosa. Kila mkao una kikomo cha makosa 10, hivyo jumla haizidi 60.

Makosa ya wapimaji nayo yanajulikana. Ukimpima mtu ambaye ndiyo kwanza ametoka kukimbia, uchovu pekee utaongeza makosa. Mwache apumzike dakika 20 hivi. Kubwa zaidi, bila kipimo cha awali kabla ya msimu, makosa 14 hayakuambii kitu. Huenda hiyo ndiyo hali yake ya kila siku.

Utafiti alioongoza, uliochapishwa mwaka 2003, uliwafuatilia wachezaji 2,905 wa mpira wa Kimarekani (American football) vyuoni. Waliokwisha kupata mitikisiko mitatu au zaidi walikuwa na hatari mara 3 ya kupata mwingine, wakilinganishwa na wasiowahi kuupata. Na kati ya wachezaji 12 walioumia tena msimu uleule, 11 waliumia ndani ya siku 10 baada ya jeraha la kwanza. Takwimu kama hizo ndizo zilizowanyima makocha kisingizio cha kuharakisha. Mwaka 2011 jimbo la North Carolina lilipitisha sheria ya Gfeller-Waller, yenye majina ya wanafunzi wawili waliofariki kwa majeraha ya kichwa mwaka 2008: mwanafunzi mwenye dalili atolewe, asirudi siku hiyo, wala siku nyingine yoyote bila kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya. Mwaka huohuo Guskiewicz alipata tuzo ya MacArthur, inayotolewa Marekani kwa watu wenye ubunifu wa kipekee.

Sasa upande wa pili. Huko Chapel Hill alikuwa mkuu wa kitivo tangu 2016, akakaimu uchansela Februari 2019 na kuthibitishwa Desemba. Chansela huko ndiye mtendaji mkuu, si mlezi wa heshima. Masomo yalifunguliwa 10 Agosti 2020, katikati ya janga la UVIKO-19, ingawa idara ya afya ya kaunti ilishauri wiki tano za kwanza ziwe za mtandaoni. Wanafunzi hawakulazimika kupimwa walipowasili. Ndani ya wiki moja sehemu ya majibu yenye virusi ilipanda kutoka asilimia 2.8 hadi 13.6, na 17 Agosti chuo kikatangaza kuhamishia masomo ya shahada ya kwanza mtandaoni. Ni kweli mwongozo wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, wakati huo haukupendekeza kupima kila anayeingia. Lakini hilo linaniuma hasa kwa sababu ni yeye: mtu aliyefundisha dunia ya michezo kutoanza msimu bila kipimo cha awali alianza muhula bila kuwa nacho. Muhula uliofuata upimaji ukawa wa lazima.

Mwaka 2021 kikaja kisa cha mwandishi wa habari Nikole Hannah-Jones. Walimu wa chuo walikuwa wamependekeza apewe ajira ya kudumu, bodi ya wadhamini ikakaa kimya kwa miezi, kisha 30 Juni ikapiga kura 9 kwa 4 kumkubali. Siku chache baadaye alikataa na kwenda chuo kikuu cha Howard. Wakosoaji waliona chansela dhaifu. Mimi naona kitu kingine. Pembeni mwa uwanja, mtaalamu akisema huyu hachezi, sheria iko nyuma yake na kocha hana rufaa. Kwenye ofisi ya chansela kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa, na mwenye neno la mwisho akawa bodi ambayo chansela hakuichagua.

Kwa hiyo swali la Michigan State si kama Guskiewicz anajua kupima. Anajua. Wadhamini wanane wa chuo hicho huchaguliwa na wapiga kura wa jimbo zima kwa miaka 8. Tarehe 3 Machi 2024, siku moja kabla hajaingia ofisini, bodi hiyo iliwakemea rasmi watatu kati ya wajumbe wake kwa mwenendo wao, na suala la kuwaondoa wawili ikalipeleka kwa gavana, kwa kuwa si bodi wala rais wa chuo mwenye uwezo wa kumtoa mdhamini hata mmoja.